Tulifika Mwaya Kutoka Pande Nne

Niseme mapema, asije mtu akanisifu bure: katika mbio zile nilikuwa wa nne. Nikisema hivyo watu hunitazama miguu kwa heshima, mpaka wanapouliza tulifika wangapi. Tulifika wanne.

Zilikuwa mbio za sikukuu ya kuzaliwa Kaisari, Januari ya mwaka 1913, kutoka Busale mpaka bandarini Mwaya, kando ya ziwa. Miaka ya nyuma siku hiyo ilikuwa ya kuvuta kamba na kufukuza kuku. Mwaka ule palikuwa na Bwana mpya bandarini, kijana wa Kidachi mwenye saa kubwa ya mfukoni ambayo hakuacha kuifungua na kuifunga, naye akasema kamba na kuku ni michezo ya watoto. Anataka mbio ndefu. Wanaume waondoke Busale jua likichomoza, na atakayekuwa wa kwanza kuushika mlingoti wa bendera pale Mwaya atapewa ng'ombe.

Hakuwa ng'ombe wa maneno. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ghala, jike jeusi lenye baka jeupe begani, na tumboni mna ndama. Wanaume wa Busale walikwenda kumtazama wawili wawili. Kila aliyerudi alianza kukumbuka kwamba ujanani alikuwa hashikiki kwa mbio, hata wale ambao baba zetu waliwajua ujanani.

Mmoja hakusema kitu. Huyo ni Nsajigwa, rika langu, ambaye tulijenga naye kibanda kimoja tulipohamia kijiji cha vijana wa rika letu, kama ilivyo desturi yetu. Nsajigwa alimtaka Anyisile. Anyisile alimtaka Nsajigwa. Wazazi wa Anyisile walitaka ng'ombe. Ng'ombe walikuwa zizini kwa baba yake Nsajigwa, mzee Ambilikile, na mzee Ambilikile mwenyewe alitaka mke wa tatu.

"Tata, na mimi je?" Nsajigwa alimwuliza.

"Wewe una miguu," mzee akamjibu. "Katafute wako."

Basi Bwana alipotangaza ng'ombe wake, Nsajigwa aliona kama jina lake limeitwa. Mwezi mzima alikimbia kila alfajiri mpaka mtoni na kurudi. Mimi nilimsindikiza, maana nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ya misheni na kazi yangu yote ilikuwa ya kukaa. Alikuwa akikimbia kwa hasira. Mimi nilikimbia kwa sababu ukibaki nyuma peke yako mbwa wanakuona.

Kuna jambo moja zaidi la kuambiwa kabla hatujaanza, la sivyo utachanganyikiwa kama tulivyochanganyikiwa sisi. Kwetu, mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake. Hakutani naye njiani, hatamki jina lake. Akisikia kikohozi chake tu, huyo kichakani. Na baba mkwe naye hugeuza uso, akapita upande mwingine, akajifanya hakuona mtu. Tunaita kutila. Huanza tangu uchumba, pande mbili zikishakubaliana. Sasa Anyisile alikuwa ameanza kumtila mzee Ambilikile kabla ya makubaliano yoyote, kwa hiari yake, kama mtu anayeanza kulala kwenye nyumba isiyoezekwa. Kila walipokutana njiani alirukia majanini. Na kila mara mzee alipita katikati ya njia, uso mbele, akisema kwa sauti:

"Huyu anamkimbia nani? Mimi simjui. Hakuna ng'ombe wangu aliyekwenda kwao."

Mwaka mzima alisema hivyo, na Busale nzima ilisikia.

Asubuhi ya mbio tulijipanga kumi na mmoja. Nsajigwa alikuwa anapasha miguu moto. Kando yake alikuwa Tomasi, mvuvi wa Kikisi kutoka ufukweni, mtu mwenye mabega kama mlango na miguu kama nyasi. Mara tukamwona mzee Ambilikile anakuja, amejifunga nguo kiunoni, fimbo ameiacha nyumbani.

"Ugonile, Tata," nikamwamkia. "Umekuja kututazama?"

"Nimekuja kuwaonyesha mgongo," akasema.

Watu wakacheka. Nsajigwa hakucheka. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kwa yule mke wa tatu mzee alikuwa amepungukiwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe mmoja pale Mwaya, na harusi mbili zinamngoja.

Askari akatusomea sharti la Bwana. Katikati ya safari kuna njia panda. Njia ya juu hupita migombani, ni ndefu na kavu. Njia ya bondeni hukata majaruba ya mpunga, ni fupi lakini Januari ni maji. Njia itakayotumika Bwana ataichagua asubuhi ile ile, akishapelekewa habari za maji. Pale panda atasimama mtu mwenye chungu, atatupa maji na kutuonyesha kwa mkono. Atakayeshika njia nyingine hana mbio.

"Mtu gani?" Tomasi akauliza.

"Mtu," askari akasema. Naye hakujua. Kazi ya kumtafuta mtu alikuwa amepewa akida.

Tukaondoka.

Nimesikia watu wakisimulia mbio kama vile ni kuruka na upepo. Labda wengine huruka. Mimi nilipomaliza kilima cha kwanza nilikuwa na kichomi ubavuni kama mtu aliyemeza sindano ya kushonea mikeka. Watatu wetu waliishia kwenye nyumba moja iliyokuwa na pombe ya ulezi. Walisema wanaonja tu. Wawili walisimama kuvuka kijito, wakaanza kubishana nani atangulie, na nasikia walibishana mpaka jioni. Wengine sijui walipotelea wapi, na wao wenyewe hawajui.

Nsajigwa alitoka kama jiwe la kombeo. Mzee hakumfuata. Mzee alikimbia mwendo wa wapagazi, hatua fupi fupi, visigino vikigusa chini kila mara, pumzi kwa pua. Miaka mingi alikuwa amebeba mizigo ya watu kutoka Mwaya mpaka boma la Tukuyu, na miguu yake ilikuwa bado inadhani ina mzigo.

"Tata, mwanao amekuacha!" Tomasi akamchokoza.

"Atanisubiri mbele," mzee akasema.

Na kweli alimsubiri. Jua lilipofika usawa wa mikuyu nilimkuta Nsajigwa ameketi kando ya njia, mguu ameunyoosha, paja limekakamaa kama kuni. Mzee na Tomasi walikuwa wamekwisha pita.

"Nikukande?" nikamwuliza.

"Nenda, Ezra! Mshike Tata hata kwa nguo!"

"Nikimshika nguo atabaki uchi, na mbio hazitasimama."

"Nenda bwana!"

Nikaenda. Ni mara pekee katika maisha yangu niliyompita Nsajigwa, na sikuona utamu wowote.

Nilipofika njia panda nilitazamia mtu. Palikuwa na chungu. Chungu kizuri cha Kikisi, kimejaa maji, kibuyu kimeelea juu, na mtu hakuna. Nikanywa. Nikatazama chini. Nyayo za watu wawili zilishuka bondeni, na huko bondeni nilisikia mtu akitukana matope. Nikasema basi, ni bondeni. Lakini maji yalikuwa yanang'aa mpaka kwenye matete, na mimi na mamba hatujawahi kupatana. Nikageukia njia ya juu. Mara migomba ikatikisika, na sauti ikanong'ona:

"Huku! Huku!"

Nikasimama. "Nani?"

Ikaja tena, chini chini, kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja: "Huku! Pita!"

Mimi ni mtu wa misheni, siamini mizimu. Lakini mizimu haikuwa imeambiwa hilo. Pale panda kuna kijia cha tatu, chembamba, ambacho hakuna aliyekitaja katika mashauri yote ya mbio, na hicho ndicho nilichokishika, kwa kasi ambayo laiti ningeanza nayo Busale.

Kijia hicho huenda misheni ya Ipyana. Nilifika wakati wa ibada ya sikukuu, wakanipokea kwa furaha wakidhani nimekimbilia neno la Mungu. Niliimba beti mbili, nikapewa ndizi tatu, nikaonyeshwa njia ya Mwaya, nikaendelea. Hiyo ndiyo habari yangu yote ya mbio ndefu. Ndizi zilikuwa nzuri.

Huku nyuma, mambo ya Mwaya nilisimuliwa baadaye na watu waliokuwepo. Bwana alikuwa amesimama karibu na mlingoti, saa mkononi, uso ameuelekeza kwenye njia ya juu, kwa kuwa asubuhi ile alichagua njia ya juu. Watu mia mbili nao walitazama huko huko. Kumbe mzee Ambilikile akatokea nyuma yao, kutoka bondeni, matope mpaka kifuani, jani la yungiyungi limemganda begani. Akaushika mlingoti. Bwana alijua tu kwa kuwa bendera ilitikisika pasipo upepo.

Kabla hajauliza, wavuvi wakapiga kelele ufukweni. Tomasi anakuja. Anakuja kwa mtumbwi, anapiga kafi kwa mikono miwili, akarukia mchangani, akakimbia hatua hamsini za mwisho kwa mbwembwe kana kwamba ametoka nazo Busale.

Wa tatu alikuwa Nsajigwa, anachechemea, kwenye njia ya juu kama alivyotakiwa. Ngoma ikapigwa kwa ajili yake, kwa kuwa wapiga ngoma walikuwa wameambiwa wampigie atakayeonekana kule. Nsajigwa akatabasamu. Kisha akamwona baba yake ameegemea mlingoti, na tabasamu likamwishia hapo hapo.

Wa nne nikatokea mimi, upande wa Ipyana, natafuna.

Bwana alitutazama wanne, akatazama pande nne, akaifunga saa yake.

Akaamuru tuketi barazani kwenye ghala, kila mmoja aeleze mbio zake, na mimi, kwa kuwa nina kalamu, niandike. Akida akaketi kwenye kiti. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, mwenye kanzu safi na subira fupi.

"Wewe, mzee," akaanza. "Ulipita wapi?"

"Njiani."

"Njia ipi?"

"Ya kuja Mwaya."

Nikaandika. Watu wakaanza kucheka, akida akawatolea macho.

"Nakuuliza, pale panda ulishika njia gani?"

"Ya bondeni," mzee akasema bila haya. "Mliniambia atakuwepo mtu wa kunionyesha. Nimefika, hapakuwa na mtu. Nikachagua. Mlingoti nimeushika wa kwanza. Ng'ombe yule pale."

"Hapakuwa na mtu?" akida akaruka. "Mimi mwenyewe nilimweka!"

"Mimi sikuona mtu," mzee akasema.

"Hata mimi sikuona," Tomasi akadakia. "Niliona chungu, tena kazi ya mama mdogo wangu, nakijua kwa mdomo wake. Nikafuata nyayo. Nikazama mpaka hapa. Sasa, akida, mimi Mkisi. Ukinitia majini na kuna mtumbwi wa binamu yangu umefungwa kwenye matete, unataka nifanye nini? Niupungie mkono?"

"Mbio ni za miguu!" akida akasema.

"Nilikaa kwa miguu. Nilipiga magoti."

Bwana akaniambia niandike kwamba Tomasi hana mbio. Tomasi hakuona vibaya. Alisema sasa atabaki kama mtazamaji, na watazamaji wanapewa chai.

"Mwalimu Ezra, wewe?"

Nikasimama. Nikaeleza chungu, nikaeleza kutokuwepo mtu, nikaeleza migomba iliyosema. Nilipofika kwenye ndizi tatu, akida akaniambia inatosha.

"Migomba ilisemaje?"

"Ilisema huku, huku."

"Na ukaenda?"

"Hapana, akida. Ilikuwa ni migomba."

Mpaka hapo hesabu ilikuwa watu watatu hawakuona mtu. Na kama pale panda hapakuwa na mtu, Bwana akasema, basi kosa ni la serikali, sharti halikutimia, na wa kwanza ni wa kwanza. Mzee akajinyoosha. Ng'ombe naye akalia kule kwenye nguzo, sijui alisikia nini.

Amebaki Nsajigwa.

"Wewe ulipita njia ya juu," akida akasema. "Nani alikuonyesha?"

Nsajigwa alinitazama, akamtazama baba yake, akatazama paja lake. Nilimjua vya kutosha kuona kilichokuwa kinamsumbua. Alikuwa na jina mdomoni. Akilitaja, ng'ombe ni wake na Anyisile ni wake. Lakini akilitaja amesema mbele ya Bwana, na askari, na mtu wa Bagamoyo, na watu mia mbili, kwamba baba yake ni mwongo.

"Nilionyeshwa," akasema.

"Na nani?"

Akalikanda paja.

"Na migomba," akasema.

Nikaandika. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na sikujua nianze na lipi.

Bwana akauliza kwa nini migomba ya nchi hii inasema na vijana tu na haisemi na wazee. Ndipo mtu mmoja nyuma akasema, "Kile chungu kimetoka wapi?"

Tukageuka. Katikati ya uwanja, mahali ambapo kufumba na kufumbua hapakuwa na kitu, palikuwa na chungu cha maji. Kimesimama peke yake, kibuyu ndani kinazungukazunguka bado.

"Ndicho!" akida akapiga kelele. "Ndicho chungu nilichompa! Yuko wapi?"

Nyuma ya magunia ya mpunga yaliyopangwa kando ya ghala kukasikika bangili za shaba zikigongana, mara moja, kisha kimya. Mimi nikaelewa. Watu wote wa Busale wakaelewa. Nyumba iliyo karibu na ile njia panda ni ya baba yake Anyisile; wanaume wa nyumba ile wote walikuwa wamekwenda kutazama mbio; akida alihitaji mtu, akamchukua binti. Alikuwa amerudisha chungu cha watu, akamwona mzee barazani, akafanya kile alichofanya mwaka mzima.

"Toka!" akida akamwita. "Binti, toka uje useme!"

Hakutoka.

Bwana akaniuliza mimi kuna nini. Ilibidi nieleze, na sijawahi kupata mtihani mgumu kama ule.

"Hawezi kutoka, Bwana, kwa sababu mzee yuko hapa."

"Anamwogopa? Alimpiga?"

"Hapana, Bwana. Anamheshimu."

"Kama anamheshimu, kwa nini anakimbia?"

"Huko kukimbia ndiyo heshima yenyewe."

"Na mzee?"

"Na mzee naye humheshimu. Kwa hiyo hamwoni."

"Hamwoni? Ana ugonjwa wa macho?"

"Hapana, Bwana. Anamwona, ila hakumwona."

Bwana akaifungua saa yake, akaitazama, akaifunga. Nadhani alitaka kuona kitu kinachokwenda mbele.

Akida, lakini, hakuwa mjinga. Alikaa miaka mingi na watu wa kila namna. Akasogeza kiti chake karibu na mzee Ambilikile.

"Hebu nielewe. Huyu msichana ni mkwe wako?"

Watu wa Busale wakanyoosha shingo.

Mzee akalibandua lile jani la yungiyungi begani.

"Nauliza kwa sababu hii," akida akaendelea, polepole, kama mtu anayefungua fundo. "Kama ni mkwe wako, nakubali, hukumwona. Ndiyo mila yenu. Hapakuwa na mtu, umeshinda, chukua ng'ombe. Kama si mkwe wako, basi ulimwona, kwa kuwa mtu haachi kumwona msichana aliyesimama njiani ananyoosha mkono. Ulimwona, ukashika njia nyingine, umeshindwa. Sema moja."

Tomasi akasogea karibu asikie vizuri.

Fikiri mwenyewe ulivyokaa ule mtego, na sidhani kama akida aliuona wote. Mzee akisema si mkwe wangu, anashindwa, na ng'ombe ni wa Nsajigwa. Akisema ni mkwe wangu, anashinda. Lakini amekiri mbele ya Busale nzima kwamba mwanawe ana mchumba, na baba aliyekubali mchumba hawezi kwenda kuoa mke wa tatu kwa ng'ombe aliye mkononi. Yule jike jeusi alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilifika uani kwa kina Anyisile.

Mzee alitazama matope yaliyokaukia magotini. Akatazama ng'ombe. Nikakumbuka kitu, na mpaka leo sijui kwa nini hakikunijia mapema. Mwaka mzima mzee alimpita Anyisile katikati ya njia, uso mbele, kama anavyopita kuku. Siku ile, pale panda, ambapo hapakuwa na wa kumshuhudia, Anyisile alikimbilia migombani kwenye njia ya juu. Mzee angeweza kupita tu, kama siku zote. Njia kavu, mguu mzuri, hakuna mtu mbele yake. Badala yake aligeuza uso, akashika bonde, akazama mpaka kifuani. Kwa nani? Kwa msichana asiyemjua?

"Haya, mzee hataki kusema," akida akasema. "Atasema binti. Askari! Mtoe pale."

Askari akashuka barazani. Tukasikia bangili, tukasikia gunia likiburutwa, na kilio kidogo cha mtu anayejikunyata. Nsajigwa alisimama, paja likamsaliti, akashika nguzo.

"Tata!" akasema. Hilo tu.

Mzee Ambilikile akainuka. Akafungua nguo yake ya kiunoni upande mmoja, akaivuta mpaka kichwani, akajifunika uso. Akampa magunia mgongo. Kisha akashuka ngazi za upande wa ziwani na kuanza kutembea, mwendo ule ule wa wapagazi, hatua fupi fupi, moja kwa moja kwenye matete.

"Anakwenda wapi?" Bwana akauliza. "Shauri halijaisha! Akiondoka hana mbio!"

Nikamtafsiria mzee kwa sauti kubwa, kwa Kinyakyusa, ili asije akasema hakusikia. Alisikia. Aliinua mkono juu ya ile nguo, kama mtu anayefukuza inzi, akaendelea.

Wanawake wa Busale ndio walioanza. Mmoja alipiga kigelegele, wakajibu wengine, na Bwana akageuka geuka akitafuta mtu aliyefika mwisho wa mbio. Hakumwona, kwa kuwa aliyefika alikuwa anakwenda.

"Kwa hiyo nani ameshinda?" akaniuliza.

Nikasema Nsajigwa. Akaniambia niandike. Nikaandika: Mshindi ni Nsajigwa, mwana wa Ambilikile, njia ya juu. Akaniambia niandike na sababu. Nikaichovya kalamu wino mara tatu, mara zote ikakauka. Mwishoni niliandika "wengine hawakuwepo", ambalo si uongo, ingawa sioni kama ni ukweli.

Nsajigwa alikabidhiwa kamba. Alisimama ameishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Ezra," akasema, "nimeshinda?"

"Karatasi inasema umeshinda."

"Tata amenipa, au nimemshinda?"

"Mwulize."

"Nitamwulizaje? Ameshaondoka."

"Basi mfuate."

Alitazama matete, akatazama magunia ambako Anyisile alikuwa anakung'uta pumba kwenye nywele, akatazama ng'ombe, ambaye alikuwa ameanza kuila kamba. Alisimama pale muda mrefu zaidi kuliko alivyosimama mtu yeyote siku ile. Halafu akamwongoza ng'ombe njia ya juu. Anyisile akafuata nyuma na chungu kichwani, hatua ishirini, bila kusema neno, naye aligeuka kila kona kuhakikisha hatokei mtu wa kukimbiwa.

Tomasi aliniambia tukinywa chai ya watazamaji kwamba mbio hizi hazina adabu, mtu anazama, anapiga kafi, na ng'ombe anakwenda kwa kiguru. Nikamwambia mwakani aje na mtumbwi wenye miguu.

Siku ya tatu nilikwenda kumtazama mzee. Nilimkuta uani, miguu ameitia kwenye maji ya moto, malengelenge yamemjaa nyayoni. Nikaketi. Tuliongea habari za visigino, za kichomi, za namna ya kushuka kilima bila kuumiza magoti. Alinifundisha kuvuta pumzi hatua mbili na kutoa hatua mbili, na kwa kweli inasaidia. Tukaongea kama wakimbiaji wanavyoongea, kila mmoja akiongeza urefu wa kilima chake. Mwishowe nikapata ujasiri.

"Tata, pale panda. Ulijua ni yeye?"

"Nani?"

"Anyisile."

"Sikuona mtu."

"Na kule Mwaya, ulipoinuka. Ulifanya kwa heshima ya binti, au kwa ajili ya Nsajigwa, au uliona mtego wa akida?"

Alitoa mguu mmoja majini, akautazama kama wa mtu mwingine, akaurudisha.

"Gwe Ezra," akasema, "niliinuka kwa sababu nilikaa sana, na miguu ilikuwa inakakamaa. Mkimbiaji akimaliza asikae. Hilo hamfundishwi misheni?"

Wakati huo huo tukasikia mtu anakuja kwenye kijia cha nyuma ya nyumba, akiimba, na bangili zikilia. Akakohoa mzee. Wimbo ukakatika. Majani yakavunjika, kibuyu kikaanguka, miguu ikapiga mbio kuelekea mtoni.

Mzee alikuwa tayari amegeuza uso ukutani.

"Mbio zake nzuri," akaniambia kutoka huko ukutani. "Mwakani Bwana amwandikishe."